Ukoma: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Lubumbashi

Maswali haya yametoka midomoni mwa watu: kwenye foleni za vituo vya afya, nyuma ya makanisa baada ya misa, kwenye nyua za komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba. Tumeyapanga kuanzia ya kawaida hadi yale yanayotatiza. Ukiwa na doa mwilini na huna muda, nenda moja kwa moja kwenye swali la 6.

## Mambo ya kwanza kujua

1. Ukoma bado upo? Si tuliambiwa umekwisha?

Upo. Kilichotangazwa kilikuwa jambo jingine. Mwaka 1991 nchi za dunia zilijiwekea lengo: wagonjwa wawe chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Dunia kwa ujumla ilifikia kiwango hicho mwaka 2000, na Kongo yetu ikakifikia mwishoni mwa 2007. Redio zikasema "umetokomezwa", watu wakasikia "umekwisha". Lakini piga hesabu: kwa nchi yenye watu wapatao milioni 100, hata chini ya kiwango hicho panaweza kubaki wagonjwa kwa maelfu, na ndivyo ilivyo. Kongo bado imo kati ya nchi 23 ambazo Shirika la Afya Duniani linazipa kipaumbele katika ukoma. Mwaka 2023 wagonjwa wapya waliogunduliwa duniani walikuwa 182,815. Nchi ya kwanza kabisa kuthibitishwa kwamba imeumaliza ugonjwa huu ndani ya mipaka yake ni Jordan, na hiyo ilikuwa Septemba 2024 tu.

Kwa maoni yetu, tangazo lile lilitudhuru kidogo. Ugonjwa uliodhaniwa umekwisha haufundishwi sana, na muuguzi asiyewahi kuuona huupita bila kuujua (tazama swali la 9).

2. Unaletwa na nini?

Na kijidudu. Daktari Gerhard Armauer Hansen alikigundua Norway mwaka 1873, ndiyo maana wengine huuita ugonjwa wa Hansen. Ni binamu wa kijidudu cha TB, ila ni mvivu kupita kiasi: huzaana polepole mno, hukaa kwenye ngozi na kwenye mishipa ya fahamu. Tangu kiingie mwilini mpaka dalili zionekane hupita kama miaka 5 kwa wastani, na wengine hukaa hata miaka 20. Kwa hiyo usimtafute aliyekuambukiza kati ya watu uliokaa nao mwezi uliopita.

3. Si ulozi? Si laana ya ukoo?

Hapana, na wala haurithiwi. Ndugu wawili wakiugua, sababu ni kwamba walilala chumba kimoja na mgonjwa yuleyule ambaye hakuwa ametibiwa. Vijidudu hivi huonekana kwenye hadubini na hufa kwa vidonge, na ulozi hauna mojawapo ya sifa hizo.

4. Unaambukizwa vipi basi?

Kwa matone ya puani na mdomoni ya mtu ambaye hajaanza dawa, tena baada ya kukaa naye karibu kwa muda mrefu, miezi na miaka. Kupeana mkono, kula bukari kwenye sahani moja, kukaa naye kiti kimoja ndani ya basi, kufua nguo zake: hakuna hata kimoja kinachokuambukiza. Haupiti kwa ngono wala mama hampi mtoto aliye tumboni. Watu wengi sana, zaidi ya 95 kati ya 100, miili yao hukishinda kijidudu hiki hata wakikutana nacho. Na mgonjwa akianza dawa, anaacha kuambukiza.

5. Ndio ukoma ule wa kwenye Biblia?

Soma Walawi 13 na 14 bila haraka. Utakuta kuna "ukoma" wa nguo, wa ngozi ya mnyama, hata wa ukuta wa nyumba. Kijidudu cha Hansen hakishiki shati wala matofali. Yale yalikuwa mambo mengi ya ngozi na ukungu yaliyowekwa kapu moja, na sheria ya kumtoa mtu nje ya kambi haikuandikwa kwa ajili ya jirani yako wa Ruashi.

Wakatoliki hutuuliza pia habari za Mtakatifu Damian, padre Mbelgiji aliyewahudumia wagonjwa kisiwani Molokai, akaugua na kufa mwaka 1889. Ni kweli aliugua. Lakini alikaa nao miaka mingi, wakati hapakuwa na dawa hata moja yenye nguvu. Leo angemeza vidonge akaendelea na utume wake.

## Dalili na kupimwa

6. Nina doa mwilini. Nitajuaje kama ni ukoma?

Kwenye ngozi yetu nyeusi, doa la ukoma huwa na rangi iliyopauka kuliko ngozi ya jirani yake, au hufanana kidogo na shaba. Halifanyi unga mwingi. Haliwashi. Haliumi. Jambo kubwa ni hilo la mwisho: mara nyingi ukiligusa kidogo huhisi chochote, au unahisi kwa mbali kama kwamba umeguswa juu ya nguo.

Dalili nyingine za kuangalia: vivimbe kwenye masikio au usoni, nyusi zinazopukutika, ganzi kwenye vidole au nyayo, mkono unaoanza kukosa nguvu ya kufunga kifungo cha shati, jicho lisilofumba sawasawa, kidonda cha chini ya mguu ambacho hukumbuki ulikipata wapi.

Doa jeupe kabisa kama karatasi, lenye hisia zote, kwa kawaida ni ugonjwa mwingine. Doa la tangu kuzaliwa nalo si hili. Doa la mviringo linalowasha usiku kucha mara nyingi ni fangasi. Lakini kuamua si kazi yako wala yetu, ni kazi ya kituo cha afya.

7. Haliniumi hata kidogo. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu kutoumia ndiyo dalili yenyewe. Hapa ndipo ukoma unapotushinda akili: magonjwa mengine hupiga kelele, huu hunyamaza. Mama anainua sufuria kwenye mbabula bila kitambaa, jirani anashangaa, yeye anacheka kwamba mikono yake imezoea moto. Jioni anaona lengelenge kiganjani na hajui lilitoka wapi. Mikono haizoei moto kiasi hicho. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko umeanza kufa.

Ulemavu ambao watu huuogopa, vidole kufupika na miguu kuoza, hauletwi na kijidudu kula nyama. Unaletwa na majeraha yasiyohisiwa: moto, msumari, kiatu kinachobana, kokoto ndani ya raba, kisha kidonda kinachoachwa kikaingia mfupani. Haya yote hutokea baada ya muda mrefu bila dawa. Aliyeanza dawa akiwa na doa moja lisilohisi huendelea na maisha yake, na hakuna atakayejua kamwe kwamba aliugua. Wanaojulikana ni wale waliochelewa, na watu wakiwaona hao hufikiri ukoma ndivyo ulivyo siku zote, wanaogopa, wanajificha, nao wanachelewa vilevile.

8. Wananipimaje? Wanatoa damu?

Mara nyingi hawahitaji damu. Muuguzi anakuomba ufumbe macho, anakugusa kwa uzi mwembamba wa pamba, mara kwenye ngozi nzima, mara kwenye doa, nawe unaonyesha kwa kidole pale alipogusa. Ukionyesha vizuri kila mahali kisha ukanyamaza kwenye doa, jibu limeshapatikana. Baadaye anapapasa mishipa: nyuma ya kiwiko, pembeni ya goti, shingoni, akitafuta iliyovimba kama kamba. Anaangalia nguvu za vidole na macho yanavyofumba. Anahesabu madoa, kwa sababu matibabu hupangwa kwa hesabu hiyo. Wakati mwingine anachanja kidogo sana kwenye ndewe la sikio ili kupeleka maabara.

Atahitaji kuona mwili mzima, mgongo na matako pia. Dada au mama akitaka apimwe na muuguzi wa kike, aseme, si jeuri.

Usishtuke ukielekezwa kwenye chumba cha TB. Katika nchi yetu huduma za TB na za ukoma husimamiwa pamoja katika kila mkoa.

9. Nimepewa dawa ya fangasi mara tatu, doa halitoki. Nifanyeje?

Rudi, useme neno hili waziwazi: "Naomba nipimwe hisia kwenye doa hili." Si dharau kwa muuguzi. Wengi wao hawajawahi kushika mgonjwa wa ukoma hata mmoja, na doa lililopauka hufikiriwa fangasi kwanza. Kama kituo chako hakina aliyefunzwa, omba barua ya kukupeleka kwenye kituo kinachotibu TB na ukoma katika zoni yako ya afya. Acha kwanza mafuta ya kujichubua na pomadi za sokoni, maana hubadilisha sura ya ngozi na kumchanganya anayekupima.

## Dawa

10. Bei gani?

Dawa za ukoma hazilipiwi, popote duniani. Zimetolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Kuna vituo vinavyoomba pesa kidogo ya fishi (kadi ya mgonjwa) siku ya kwanza. Uliza kabla, na kama huna, mwambie reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa mtaa wako akusindikize. Mtu akikuuzia "vidonge vya ukoma" sokoni, usinunue: ama ni vya wizi, ama si vyenyewe.

Gharama halisi tunaijua: ni usafiri na siku ya kazi iliyopotea. Anayeishi mbali, kwenye mashamba nje ya mji, amwombe muuguzi kama pakiti inaweza kupitia kituo cha karibu yake au kwa reko.

11. Ninameza kwa muda gani?

Mwenye madoa 1 hadi 5, bila vijidudu kwenye kipimo, humeza miezi 6. Mwenye madoa zaidi ya 5, au aliyekutwa na vijidudu, humeza miezi 12. Dawa ni tatu kwa pamoja: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Zinachanganywa kwa makusudi, kwa sababu zamani dapsoni ilitumika peke yake na vijidudu vikaizoea. Mchanganyiko huu ulianza kupendekezwa mwaka 1981 na ndio uliogeuza historia ya ugonjwa.

Unapewa pakiti ya siku 28. Vidonge vya siku ya kwanza unavimeza mbele ya muuguzi, vilivyobaki unameza nyumbani kila siku. Watoto wana pakiti zao zenye kipimo kidogo. Usimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima.

12. Mkojo wangu umekuwa mwekundu na ngozi inakuwa nyeusi zaidi. Dawa inaniua?

Hapana. Rifampisini hupaka mkojo rangi nyekundu kwa siku moja hivi. Klofazimini hufanya ngozi kuwa nyeusi na kavu, hasa usoni na kwenye madoa, na hili huchukua miezi kadhaa kuisha baada ya kumaliza dawa. Tunaelewa kwamba linaudhi, maana majirani wanauliza. Paka mafuta, na usiache dawa.

Yafuatayo ndiyo ya kukimbilia kituoni siku hiyohiyo: macho kuwa manjano, vipele mwili mzima au ngozi kubambuka, homa isiyoeleweka, kuishiwa pumzi na kuchoka kwa kukosa damu. Hapo simamisha vidonge, vichukue mkononi, nenda.

13. Nina mimba. Nina VVU. Nina TB. Naweza kumeza?

Mjamzito na anayenyonyesha humeza kama kawaida. Mtoto anayenyonya anaweza kubadilika rangi kidogo, inapita. Mwenye VVU hupewa dawa zilezile za ukoma, ila lazima aseme ni dawa gani nyingine anameza, kwa kuwa rifampisini hugombana na baadhi yake. Mwenye TB pia aseme, kwa sababu rifampisini imo tayari kwenye dawa zake za kila siku na hapaswi kuongezewa ile inayomezwa mara moja kwa mwezi, siku ya kwanza ya pakiti.

Jambo linalosahaulika: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine.

14. Na lutuku, pombe yetu kali?

Ini lako lina kazi ya kutosha kuchuja rifampisini. Pumzisha chupa mpaka umalize.

15. Mganga wa mizizi amesema atanitoa ganzi.

Tumeona chale na dawa za kuchoma zikiwekwa juu ya doa lisilohisi. Mgonjwa hasikii maumivu, anafikiri ni nguvu ya dawa, kumbe anaunguzwa. Kama unataka kunywa chai ya majani ya bibi yako pembeni, mwambie muuguzi. Chale na moto, hapana.

## Nyumbani, kanisani, kazini

16. Tumtengee sahani na chumba?

Hapana (tazama swali la 4). Kama hajaanza dawa, kinachowalinda ninyi ni yeye kuzianza. Kumfungia kwenye kijumba cha nyuma ya ua hakumponyi yeye wala hakuwakingi ninyi mliokaa naye miaka yote iliyopita.

17. Watoto wangu wapimwe?

Ndiyo, na kila aliyelala nyumba moja na mgonjwa. Mtoto avuliwe nguo aangaliwe mwanga wa mchana. Asiye na dalili anaweza kupewa dozi moja ya rifampisini kama kinga, pale ambapo huduma hiyo imeanza. Utafiti mkubwa uliofanyika Bangladesh ulionyesha inapunguza hatari kwa 57 kati ya 100 katika miaka miwili ya kwanza. Kabla ya hapo lazima ihakikishwe kwamba hana TB. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga nayo husaidia kiasi. Baada ya hapo, mwangalie mwenyewe kila mwaka, kwa sababu ya uvivu wa kijidudu tuliousema kwenye swali la 2.

18. Mume wangu anataka kunirudisha kwetu. Bosi ananiambia nisirudi kazini.

Hakuna sababu ya kiafya ya kuvunja ndoa, kumfukuza mtoto shule, wala kumwondoa mtu kazini. Omba muuguzi aandike barua kwamba uko kwenye matibabu na huambukizi. Wengi wa mabosi hutulia wakiona muhuri. Kwa mume, barua haitoshi. Njoo naye, au tuma kaka yake mkubwa aje aulize maswali yake yote. Mara nyingi anayeshikilia neno "afukuzwe" si mume, ni mama mkwe, na akishaelezwa na mama mwenzake aliyepona huwa wa kwanza kulegea.

Desemba 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kukomesha ubaguzi dhidi ya watu wenye ukoma na familia zao. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia za pekee. Karatasi hizi hazipiki bukari, ila ukienda kwa chifu wa mtaa ni vizuri ujue zipo.

19. Pasta amesema nikimeza dawa imani yangu ni ndogo.

Mkumbushe kwa heshima: Naamani, yule mkoma wa kwenye Biblia, aliambiwa ajichovye Yordani mara saba, akaona ni jambo dogo mno, akakasirika. Alipokubali jambo dogo, alipona. Vidonge navyo ni jambo dogo. Tunawafahamu wachungaji wanaowaombea wagonjwa Jumapili na kuwakumbusha pakiti Jumatatu. Mtafute wa namna hiyo.

20. Lazima niwaambie watu?

Si lazima. Wa nyumbani mwako wajue, kwa sababu wanapaswa kupimwa. Wengine ni hiari yako. Reko au muuguzi anayetangaza jina lako mtaani amekosa, na una haki ya kumshtaki kwa wakubwa wake wa zoni.

## Mambo yanayotatiza

21. Niliacha dawa katikati. Nitaanza upya?

Inategemea. Pakiti 6 zinaruhusiwa kumalizwa ndani ya miezi 9, na pakiti 12 ndani ya miezi 18. Rudi na kadi yako, muuguzi ahesabu. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo, sikiliza tu, chukua dawa.

22. Naenda kuchimba Kolwezi, au kufanya biashara Kasumbalesa.

Sema kabla ya kuondoka, si baada. Utapewa barua ya uhamisho na, ikiwezekana, pakiti za akiba. Wachimbaji hutupotea sana: mtu yuko Kipushi mwezi huu, Fungurume mwezi ujao, kadi imebaki kwa shemeji. Ipige picha kadi hiyo kwa simu yako.

23. Nilikuwa naendelea vizuri, ghafla madoa yamevimba na mishipa inauma.

Huo ni mwitikio wa mwili unaopigana na mabaki ya vijidudu. Unaweza kutokea kabla, wakati wa dawa, au hata miezi mingi baada ya kumaliza. Si kwamba dawa imeshindwa, na si sumu. Lakini ni dharura: mshipa unaweza kuharibika ndani ya siku chache. Utapewa prednisoloni kwa wiki nyingi, ikipunguzwa taratibu. Usiinunue mwenyewe dukani na usiikate ghafla. Endelea na dawa za ukoma. Mkono uliolegea karibuni bado unaweza kurudi. Uliolegea zaidi ya miezi 6 ni vigumu. Jicho jekundu linalouma nalo ni la siku hiyohiyo.

24. Nimemaliza dawa, mguu bado ganzi. Nimepona au sijapona?

Ugonjwa umepona. Mshipa uliokufa haujarudi. Ni mambo mawili tofauti, na mtu wa namna hii haambukizi mtu yeyote.

Kazi yako sasa ni mguu. Kila jioni uangalie nyayo kwa kioo, au mtoto akuangalizie. Loweka kwenye maji safi yasiyo ya moto kwa dakika 20 hivi, sugua ngozi ngumu kwa jiwe laini, kisha paka mafuta mguu ukiwa na unyevu. Ya mawese yanafaa kama huna mengine. Usipime maji kwa mguu wenye ganzi, yapime kwa kiwiko kinachohisi. Vaa kiatu chenye soli ngumu chini na laini ndani, kisicho na misumari, na kabla ya kuvaa kikung'ute. Ndala zinazoshikwa na vidole hazifai, maana zinatoka mguuni bila wewe kujua. Ukiwa na kidonda, dawa yake kubwa ni kutokikanyaga.

25. Unaweza kurudi?

Kwa aliyemaliza dawa zote, ni nadra sana. Doa jipya baada ya miaka lipimwe. Maumivu ya ghafla mara nyingi ni yale ya swali la 23.

26. Nimeona doa la namna hii kwa jirani. Nimwambieje?

Usimwambie mbele ya watu kisimani, na usitaje ukoma. Wewe si muuguzi na huenda si wenyewe. Mwite pembeni: "Yaya, doa hilo linakuwasha?" Akisema haliwashi, mwambie kuna kipimo cha pamba, hakiumi, hakilipiwi, na kwamba utaenda naye. Halafu panga siku palepale, maana "nitaenda" isiyo na siku haiendi. Akikataa, mpe wiki, umrudie. Hapo ndipo unaweza kumwomba reko apite kwake kana kwamba anapita nyumba zote.